Mkutubi Aliyetaka Kuwafufua Baba Zetu

Mwanzoni mwa mwaka 1862 jarida moja la Moscow lilichapisha riwaya mpya ya Ivan Turgenev, Baba na Watoto. Ndani yake mna kijana anayesomea udaktari, Bazarov, anayefika kama mgeni shambani kwa familia ya rafiki yake na kuwakera wenyeji tangu siku za mwanzo. Asubuhi na mapema yuko dimbwini akikamata vyura wa kupasua. Hana haja na ushairi wala muziki, na haoni kwa nini awastahi wazee kwa sababu tu ni wazee. Wenyeji wanapouliza huyu ni mtu wa namna gani, wanajibiwa kwamba ni mnihilisti: mtu asiyeinamia mamlaka yoyote, asiyepokea jambo lolote kwa imani hata likiwa limeheshimiwa na vizazi vyote vilivyotangulia.

Jina hilo lilikuwapo kabla, ila riwaya ndiyo iliyolitia midomoni mwa watu. Mwezi Mei mwaka ule ule moto uliteketeza soko la Apraksin jijini St. Petersburg. Turgenev, aliyerudi mjini siku zile zile, alisimulia baadaye kwamba mtu wa kwanza kukutana naye barabarani alimtaka atazame kazi ya wanihilisti wake: wanauchoma mji! Nani aliyewasha moto hakujulikana. Wazazi, hata hivyo, walikwisha anza kuwatazama wana wao waliorudi likizo kwa jicho jingine.

Ili kujua vijana hao walitoka wapi, tuingie kwanza nyumbani kwa kasisi wa Kiorthodoksi. Msomaji aliyelelewa katika Ukatoliki huenda akashangaa: kasisi wa parokia katika Urusi huoa. Na kwa kuwa huoa, ukasisi ulikuwa umegeuka kuwa ukoo. Mtoto wa kasisi alisoma shule ya kanisa, akaingia seminari, akaoa binti wa kasisi mwingine, kisha akarithi madhabahu ya baba yake au ya mkwe wake. Walikuwa watu wenye elimu na wasio na mali, wakidharauliwa na makabaila na kutiliwa shaka na wakulima waliowalipa kwa mayai na unga. Mwaka 1861 Tsar Alexander II alipowaachia huru wakulima zaidi ya milioni 20 waliokuwa mali ya makabaila, na vyuo vikuu vikaanza kupokea watoto wa wasio na vyeo, wana wa makasisi walikuwa miongoni mwa waliokimbilia mlango huo.

Nikolai Chernyshevsky alikuwa mwana wa kasisi wa Saratov, kando ya mto Volga. Nikolai Dobrolyubov, rafiki yake na mwenzake katika jarida la Sovremennik, alikuwa mwana wa kasisi wa Nizhny Novgorod. Wote wawili walipita seminari, na wote wawili walimpoteza Mungu wakiwa bado vijana, kwa kusoma wanafalsafa wa Kijerumani waliofundisha kwamba binadamu ndiye aliyemuumba Mungu kwa sura yake. Lakini mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kijana aliyefunga Kwaresima kila mwaka tangu utotoni, akalala na visa vya mashahidi waliochomwa moto wakiimba, havui mambo hayo kama joho. Chernyshevsky alimtoa Mungu katika nyumba, akaacha taa, ubani na saumu palepale.

Ushahidi wa jambo hili ni kitabu alichokiandika kifungoni. Alikamatwa Julai 1862 na kuwekwa katika Ngome ya Petro na Paulo, na humo, kesi yake ikiendelea, akaandika riwaya Nini Kifanyike? Nikolai Nekrasov, mshairi aliyekuwa mhariri wa Sovremennik, alilidondosha bunda la muswada njiani, akalazimika kutoa tangazo gazetini na zawadi kwa atakayeliokota. Likaokotwa na karani mmoja maskini, likarudishwa, na wakaguzi wa serikali, kwa uzembe ambao wanahistoria bado wanaucheka, wakaliruhusu lichapishwe mwaka 1863. Kama riwaya, haina utamu mwingi. Inasimulia juu ya msichana anayekimbia ndoa ya kulazimishwa na kuanzisha ushirika wa mafundi cherehani, na juu ya ndoto aionayo, ya watu wa kesho wanaoishi katika jumba la vioo na chuma, wakifanya kazi kwa furaha na kucheza usiku. Humo pia anapita Rakhmetov, kijana anayejinyima mvinyo na wanawake, anayelala juu ya misumari ili apime kama atastahimili mateso. Ukimvika kanzu nyeusi utakuta ni mtawa wa jangwani.

Vijana walikisoma kitabu hicho kama Injili, wakaanzisha nyumba za pamoja na karakana za ushonaji kwa kukifuata. Mwandishi wake alisimamishwa jukwaani mbele ya umati Mei 1864, akavunjiwa upanga juu ya kichwa kama ishara ya kufutwa katika jamii, akapelekwa Siberia, asirudi hadi mwaka 1883. Kijana mmoja wa mji wa Simbirsk alikisoma mwaka 1887, baada ya kaka yake kunyongwa kwa njama ya kumuua Tsar, na kwa maneno yake mwenyewe kikamlima hadi ndani. Mwaka 1902 aliandika kijitabu chake cha siasa na kukipa jina lile lile, Nini Kifanyike? Alikwisha anza kujiita Lenin.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba wanihilisti hawakuamini kitu, tusikubali haraka. Waliamini kwamba binadamu ni nyama, neva na kemia, na papo hapo waliamini kwamba ni wajibu wake kujitoa mhanga kwa ajili ya wenzake ili wanadamu wapande daraja. Mwanafalsafa Vladimir Solovyov aliwatania kwamba hoja yao inakwenda hivi: binadamu ametokana na nyani, basi na tupendane. Hatua ya kwanza haiongozi kwenye ya pili. Ile ya pili ilitoka seminari.

Na palikuwa na tundu jingine katika imani hiyo mpya. Jumba la vioo litakaliwa na watu wa kesho. Je, waliolijenga? Je, mkulima aliyechapwa viboko hadi kufa mwaka 1850, asiyejua hata kwamba historia inaelekea mahali pazuri? Ukristo ulikuwa na jibu kwake, ulikubali usikubali: siku ya mwisho atafufuliwa na kutendewa haki. Maendeleo hayakuwa na jibu. Yalimfanya mbolea. Mwandishi Dostoevsky, aliyewahi kuwa mwanamapinduzi na kufungwa Siberia, aliiweka lawama hiyo kinywani mwa Ivan Karamazov, mhusika wa riwaya yake, na hakuna mwanamaendeleo aliyemjibu vizuri.

Mtu aliyejaribu kumjibu hakuwa mwandishi maarufu. Alikuwa mwalimu wa historia na jiografia katika shule za miji midogo, Nikolai Fyodorov, aliyezaliwa mwaka 1829. Baba yake alikuwa mwanamfalme, Pavel Gagarin, ila hakumwoa mama yake, na kwa desturi ya wakati ule mtoto hakupewa jina la ukoo wa baba. (Yuri Gagarin, mwanaanga wa kwanza, alikuwa mtoto wa seremala na hana uhusiano nao, ingawa Warusi hawachoki kuutaja usawa huo wa majina.) Mtu aliyelelewa bila jina la baba alitumia maisha yake yote akifikiri habari za baba.

Mwezi Machi 1864, katika mji wa Bogorodsk karibu na Moscow, alitembelewa na kijana aitwaye Nikolai Peterson. Peterson alikuwa amefundisha katika shule ya mwandishi Tolstoy huko Yasnaya Polyana, kisha akajiunga na kundi la siri la wanamapinduzi. Alikuja amejaa uhuru, usawa na undugu. Mwalimu alimsikiliza, kisha akamuuliza huo undugu utatoka wapi. Uhuru wa kila mtu kufuata apendalo hauzai ndugu, wala usawa wenye kijicho hauzai ndugu. Watu huwa ndugu kwa sababu wana baba mmoja, na nyinyi kazi yenu ya kwanza imekuwa kuwakana baba. Peterson alikwenda kama mhubiri, akarudi mwanafunzi. Miaka miwili baadaye mwanachama wa kundi lake la zamani, Dmitry Karakozov, alimfyatulia Tsar risasi ikamkosa, na polisi wakawakamata wote waliowahi kulijua kundi hilo, Peterson akiwamo. Fyodorov naye alishikwa, akaachiwa baada ya muda mfupi.

Kuanzia mwaka 1874 alikuwa mkutubi katika Makumbusho ya Rumyantsev, maktaba kubwa ya Moscow, akakaa hapo kama robo karne. Wasomaji walisema anajua yaliyomo katika kila kitabu rafuni. Ukiomba vitabu vitatu, alileta saba, na vile vinne vya ziada ndivyo ulivyovihitaji. Alilala juu ya sanduku gumu, akaishi kwa chai na mkate, na mshahara wake mdogo aliugawa kwa maskini waliokuja kumsubiri siku ya malipo. Hakukubali kupigwa picha. Mchoro wake tulio nao ulichorwa kwa siri na Leonid Pasternak, baba wa mwandishi Boris, aliyejifanya anasoma huku akimwangalia. Kwa sura na mwenendo, huyu ndiye Rakhmetov halisi, tofauti yake ni kwamba Jumapili alikwenda kanisani.

Alichokuwa akikiandika usiku alikiita kazi ya pamoja. Binadamu, alisema, wana adui mmoja, nayo ni mauti, pamoja na nguvu za asili zisizo na akili zinazoleta mauti hayo: ukame, mafuriko, maradhi. Badala ya kupigana wao kwa wao, mataifa yaungane, majeshi yageuzwe kuwa vikosi vya kuisoma asili na kuitawala, mvua inyeshe kwa amri ya wanadamu. Kisha sayansi ikusanye vumbi la waliokufa, chembe kwa chembe, na kila kizazi kikifufue kilichokizaa, wana wawarudishie baba zao uhai waliopewa, hadi kwa Adamu. Na kwa kuwa dunia haitawatosha wote, wapelekwe kwenye sayari nyingine. Haya yote aliyaona kuwa Ukristo ulio kamili. Kristo aliahidi ufufuo. Kuketi na kuungoja bila kuufanyia kazi ni uvivu.

Msomaji wa kwetu aliyezoea kwenda makaburini siku ya Idi, au kumwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya wazee kabla ya kuonja, hatamwona Fyodorov kuwa mgeni sana katika nusu ya kwanza ya fikra zake. Kwamba walio hai wana deni kwa waliokufa ni jambo ambalo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haijaacha kuliamini. Nusu ya pili ndiyo inayotutoa jasho. Kufufua ni kazi ya Mungu, atasema sheikh na atasema padri, na Fyodorov angewajibu wote wawili kwamba Mungu hufanya kazi kwa mikono ya waja wake. Mimi namwona alikuwa timamu kabisa, na pia kwamba alikosea juu ya kile ambacho chembe za vumbi zinaweza kukumbuka. Lakini katika shutuma moja alipiga mahali penyewe. Maendeleo, aliandika, ni hali ya kizazi kilicho hai kujiona bora kuliko baba zake, na ya vijana kujiona bora kuliko wazee. Kila anayejisifu amepiga hatua amesimama juu ya kaburi la mtu.

Mawazo hayo yalisafiri bila jina la mwenyewe. Peterson aliyaandika kwa muhtasari na kumtumia Dostoevsky, na Machi 1878 mwandishi huyo akajibu akiuliza ni nani mtu huyu, maana ameyasoma kana kwamba ni yake mwenyewe, na kwamba yeye na Solovyov wanaamini ufufuo wa kweli, wa miili, hapa duniani. Mwaka uliofuata akaanza kuchapisha Ndugu Karamazov, riwaya ya wana wanne na baba aliyeuawa. Tolstoy naye alikuwa akipita maktabani na kumstahi sana mkutubi, mpaka njaa kubwa ya 1891 na 1892 ilipowatenganisha. Tolstoy alikuwa amechapisha makala kali juu ya njaa hiyo katika gazeti la Uingereza, na Fyodorov, aliyeona ni uchochezi, alikataa kumpa mkono. Yeye njaa ilimtia hamu nyingine: alikuwa amesikia kwamba Marekani wanajaribu kuleta mvua kwa kulipua baruti angani. Kwake hiyo ilikuwa habari njema kuliko mahubiri yoyote ya Tolstoy. Baruti ile ile inayoua watu inaweza kuleta chakula.

Tarehe 1 Machi 1881, kwa kalenda ya Kirusi ya wakati ule, baruti ilikuwa imefanya kazi nyingine. Kando ya mfereji wa Catherine jijini St. Petersburg, mabomu mawili yalirushwa, la pili likamuua Tsar Alexander II, yule yule aliyewaachia huru wakulima. Aliyeyabuni alikuwa Nikolai Kibalchich, na msomaji aliyekuwa makini hatashangaa kuambiwa kwamba alikuwa mwana wa kasisi. Alisoma uhandisi, kisha udaktari, kisha akafungwa karibu miaka mitatu kwa kosa la kumpa mkulima kijitabu kilichopigwa marufuku. Alitoka gerezani akiwa tayari kwa kundi la siri la wanamapinduzi, Narodnaya Volya. Mwenzake katika kesi, Andrei Zhelyabov, aliiambia mahakama kwamba ameukana Uorthodoksi ila kiini cha mafundisho ya Yesu anakikubali, maana ni wajibu kuwapigania wanaoonewa.

Kibalchich hakuzungumza sana habari za Yesu. Akiwa anangoja hukumu alichora chombo cha kuruka: jukwaa lenye silinda juu yake, ambamo baruti iliyoshindiliwa ingeungua polepole, gesi itoke kwa chini na chombo kipande juu. Ni roketi ya kubeba mtu, iliyobuniwa mwaka 1881. Aliomba wataalamu waitazame. Wakuu wa polisi waliona kuwapa wataalamu kazi ya mwuaji wa Tsar kutazua maneno, wakaitia michoro ndani ya bahasha na kuifungia kwenye faili la kesi. Tarehe 3 Aprili Kibalchich akanyongwa pamoja na wenzake wanne. Michoro haikuchapishwa hadi mwaka 1918.

Wakati huo roketi ilikwisha pata baba mwingine. Katika miaka ya 1870 kijana mmoja aliyepoteza usikivu kwa maradhi ya utotoni, Konstantin Tsiolkovsky, alikuwa akiishi Moscow kwa mkate mweusi na kujisomea katika maktaba alikokuwa akihudumu Fyodorov. Hakujua kwamba mkutubi huyu mkarimu anayempa hata vitabu vilivyokatazwa ana mpango wa kuwahamishia wafu kwenye nyota. Tsiolkovsky akawa mwalimu wa shule, na mwaka 1903 akachapisha hesabu za kuonyesha kwamba roketi inaweza kutoka nje ya anga ya dunia. Desemba mwaka ule ule Fyodorov alikufa hospitalini. Peterson na rafiki mwingine walikusanya karatasi zake na kuchapa juzuu la kwanza huko Verny, ambayo leo ni Almaty, nakala 480 tu, hazikuuzwa: aliyetaka aliomba akapewa bure.

Mabolsheviki walioshika nchi mwaka 1917 walikuwa wajukuu wa Chernyshevsky, na wakati fulani baadhi yao waliona lile tundu katika imani yao. Anatoly Lunacharsky na Maxim Gorky walitaka ujamaa uwe dini isiyo na Mungu wa mbinguni: wanadamu wakiungana ndio watakaokuwa Mungu. Mwaka 1909 walifungua shule ya wafanyakazi kisiwani Capri, Italia, pamoja na Alexander Bogdanov, daktari na mwanafalsafa. Lenin aliwachachamalia. Kwake Mungu wa kujengwa hakuwa na tofauti na Mungu wa kurithiwa.

Kejeli ya historia ni kwamba dini hiyo ilimwangukia yeye. Mwaka 1921 mhandisi Leonid Krasin, ambaye katika mapinduzi ya 1905 ndiye aliyewasimamia watengeneza mabomu wa chama, alisema kwenye mazishi ya rafiki yake kwamba anaamini siku itafika sayansi itaweza kumrudisha mtu mkubwa aliyekufa. Miaka mitatu baadaye, Januari 1924, Lenin alifariki. Mjane wake Nadezhda Krupskaya aliomba gazetini wasimjengee minara ya kumbukumbu. Krasin alitaka mwili ugandishwe, mitambo ikaagizwa, nao mwili ukaanza kuharibika. Ikabidi waitwe Vladimir Vorobyov, mtaalamu wa maiti kutoka Kharkov, na mkemia Boris Zbarsky, wakautia dawa kwa miezi kadhaa. Agosti milango ilifunguliwa kwa umma. Krasin alikufa London mwaka 1926. Mwili wake ulichomwa, majivu yakarudishwa Moscow.

Kaburi la Fyodorov halikupona pia. Utawala wa Kisovieti ulisawazisha makaburi ya monasteri alikozikwa.

Bogdanov ndiye aliyebaki na jambo la maana. Mwaka 1926 alifungua Moscow chuo cha utafiti wa kuongezeana damu. Wazo lake lilikuwa la kinabii kuliko la kitabibu: vijana na wazee wabadilishane damu, wote wapate nguvu, na undugu uwe wa mishipani na si wa midomoni tu. Alijifanyia majaribio 11. La 12, Machi 1928, alibadilishana damu na mwanafunzi mwenye malaria na kifua kikuu. Mwanafunzi alipata nafuu. Bogdanov alijiandikia dalili zake siku baada ya siku, hadi tarehe 7 Aprili alipokata roho.

Chuo hakikufungwa. Waliokirithi waliacha habari za undugu wa mishipani, wakashughulika na yale yanayosumbua kila hospitali: damu itapatikana wapi na ihifadhiwe vipi. Na jibu mojawapo lilitoka katika hospitali ya Sklifosovsky, jijini humo humo. Machi 1930 daktari mpasuaji Sergei Yudin aliletewa mhandisi wa miaka 33 aliyejikata mishipa ya mikono yote miwili, kwa kuwa hakutaka tena kuishi. Damu ilikuwa imemwishia. Mochari kulikuwa na maiti ya mzee wa miaka 60 aliyefariki katika ajali ya barabarani saa chache kabla. Yudin alichukua damu ya maiti yule akamtia mhandisi, ikawa mara ya kwanza kwa jambo hilo kufanywa kwa binadamu. Mhandisi alipona. Hospitali ikaendelea kutumia damu ya wafu kwa miaka mingi, ikiandika kila chupa imetoka kwa nani na imekwenda kwa nani.